Plagi za iridiamu na waya nene: je, injini yangu itapata nguvu zaidi?

"Gari langu ni la mwaka 1998, la petroli, lenye silinda nne na kemshafti mbili juu ya injini. Moto wake hugawanywa na distribyuta kupitia waya nne. Asubuhi zenye unyevunyevu hutetemeka likiwa limesimama, na likipanda mlima kwa gia kubwa hushtukashtuka kama linalokatiwa mafuta. Nilipofungua plagi nilikuta zimeandikwa BKR6E-11. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, lakini ya silinda ya tatu ilikuwa imelowa oili kwenye kauri ya juu, na mpira wa waya wake umevimba. Sikumbuki plagi wala waya hizi zilibadilishwa lini. Muuzaji wa vipuri ananishauri ninunue plagi za iridiamu, tena za namba 5 badala ya 6 kwa sababu ni 'za moto zaidi', pamoja na waya za milimita 10 za magari ya mashindano ambazo anasema hazina ukinzani kabisa. Rafiki yangu anasema nisihangaike: nisugue plagi za zamani kwa msasa, niupanue mwanya kidogo ili cheche iwe kubwa, na nibadilishe ule waya mmoja ulioharibika. Nimsikilize nani?"

Kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli, lakini ukifuata ushauri wa yeyote kati yao mpaka mwisho utatumia fedha au muda wako na huenda gari likaendelea kutetemeka. Muuzaji amesema kweli kwamba iridiamu ni madini bora, na rafiki yako amesema kweli kwamba ule waya wa silinda ya tatu ndio unaotiliwa shaka zaidi. Wote wawili hata hivyo wameanza na dhana moja iliyo kinyume, nayo ni kwamba plagi na waya ni vitu vya kuiongezea injini moto. Kazi yake ni ndogo kuliko hiyo. Plagi nzima huwasha mchanganyiko wa hewa na petroli kwa wakati ufaao, na petroli ikishawaka, nguvu inayopatikana ni ya petroli yenyewe, wala haiongezeki kwa sababu aliyeiwasha alikuja na kiberiti kikubwa. Kinachowezekana ni kuirudisha nguvu iliyopotea, na kwa dalili ulizoeleza, ipo nguvu iliyopotea.

Ili uchague vizuri, ni lazima kwanza uelewe jinsi cheche inavyozaliwa, kwa maana karibu kila kosa linalofanywa dukani linatokana na kutoelewa jambo hili. Koili, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, hukusanya nishati kwa njia ya usumaku wakati mkondo wa betri unapopita ndani yake. Mkondo huo ukikatwa ghafla, usumaku huporomoka na volti za upande wa pili wa koili huanza kupanda kwa kasi kubwa mno. Wengi hudhani koili hutoa kiasi maalumu cha volti kila mara, tuseme 30,000, na kwamba kazi ya waya ni kuzifikisha zote kwenye plagi. Sivyo. Volti hupanda mpaka pale tu mwanya wa plagi unaposhindwa kuzizuia. Hapo cheche huruka na kupanda kwake hukoma. Mwanya ukiwa mdogo na kingo zake zikiwa kali, volti 10,000 au zaidi kidogo zinaweza kutosha. Mwanya ukipanuka, kingo zikiviringika kwa kuchakaa, au shinikizo ndani ya silinda likiongezeka, koili hulazimika kupanda hadi 25,000 au 30,000 kabla ya cheche kutokea.

Kwa hiyo ni mwanya wa plagi unaoamua ni volti ngapi zitapita katika mfumo mzima, na volti hizo zikipanda hutafuta upenyo popote palipo dhaifu, kama maji yanayojaa nyuma ya tuta lenye ufa. Plagi iliyochakaa huzitesa waya, mipira yake, kifuniko cha distribyuta na rota inayozunguka ndani yake, kwa kuwa vyote hivyo hulazimika kuhimili volti ambazo visingeziona kama plagi ingekuwa mpya. Siku moja kihami cha waya, yaani ganda linalozuia umeme usitoke, hupata tundu dogo sana au mpira wake hupasuka, na tangu hapo umeme una njia mbili za kuchagua: kuruka mwanya ndani ya silinda yenye shinikizo, au kukimbilia chuma cha injini kwa nje. Hewa ikiwa kavu na gari likienda taratibu, huenda ukachagua mwanya. Unyevu ukitanda juu ya mpira wenye vumbi na oili, njia ya nje huwa nyepesi zaidi, na silinda hiyo hukosa moto. Hiyo ndiyo sababu ya mtetemo wako wa asubuhi. Kushtuka mlimani kunatokana na jambo hilohilo likitazamwa kutoka upande wa pili: unapokanyaga mafuta kwa gia kubwa, silinda hujaa, shinikizo huongezeka, mwanya hudai volti nyingi zaidi, na umeme huishia kwenye ufa. Mafundi husema injini "inamisi", na mara nyingi mwenye gari hukimbilia kubadilisha pampu ya mafuta ambayo haina kosa lolote.

Ukishalielewa hilo, utaona mara moja kwa nini ushauri wa kuupanua mwanya ni mbaya kwa gari lako. Ni kweli kwamba mwanya mpana, katika mfumo uliobuniwa kwa ajili yake, hutoa cheche ndefu inayowasha kwa uhakika mchanganyiko wenye petroli kidogo. Lakini mtengenezaji alipoandika 11 mwishoni mwa namba ya plagi yako, yaani mwanya wa milimita 1.1, tayari alikuwa amefika upande mpana. Plagi ya zamani ambayo elektrodi zake, yaani vipande viwili vya chuma ambavyo cheche huruka kati yake, zimeliwa pengine imeshavuka hapo bila msaada wa mtu yeyote, na kuupanua tena ni kuongeza mzigo juu ya waya ambazo zimeshaanza kuvuja. Kusugua kwa msasa nako hakurudishi kilicholiwa. Cheche hurukia kwa urahisi zaidi kutoka kwenye kingo kali, na kingo zilizoviringika hazipati ukali wake kwa kusuguliwa. Msasa huacha punje, na brashi ya waya huacha chembe za chuma juu ya kauri nyeupe, ambazo huwa njia mpya ya umeme kutorokea. Plagi yenye ncha nyembamba ya iridiamu au platinamu haipaswi kuguswa na vitu hivyo hata kidogo.

Kabla hatujafika dukani, turudi kwenye plagi zako, maana zimekueleza mengi. Zile tatu zenye rangi ya kahawia hafifu zinaonyesha kwamba petroli na hewa vinachanganyika kwa kiasi kinachofaa na kwamba daraja la joto la plagi ni sahihi. Kama ungekuta masizi meusi makavu, ningekuuliza kuhusu petroli iliyozidi, kichujio cha hewa kilichoziba au safari fupifupi ambazo haziipi injini nafasi ya kupata moto. Kama ungekuta kauri ya chini imekuwa nyeupe yenye malengelenge, ningekuomba uache kuliendesha gari mpaka chanzo cha joto hilo kijulikane. Ile ya silinda ya tatu imelowa oili kwa juu, kwenye kauri ya nje, wala si kwenye ncha iliyo ndani ya silinda, na tofauti hiyo ni kubwa mno. Oili kwenye ncha humaanisha kwamba inapita kwenye ringi za pistoni au sili za valvu, na hilo ni tatizo la injini yenyewe. Oili kwa juu, katika injini ya kemshafti mbili ambayo plagi zake zimezama ndani ya visima virefu, kwa kawaida hutoka kwenye sili za mpira zinazozunguka visima hivyo chini ya kifuniko cha valvu. Sili hizo zikikauka, oili hudondokea kisimani, huulainisha na kuuvimbisha mpira wa waya, na kihami hupoteza uwezo wake.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kununua si plagi wala waya: ni gasketi ya kifuniko cha valvu pamoja na sili zake za visima. Ukifunga waya mpya bora kuliko zote juu ya kisima kinachojaa oili, utakuwa umenunua mpira mwingine wa kuvimba. Oili iliyomo kisimani ifyonzwe au ifutwe ikiwa plagi ya zamani bado imefungwa, kwa sababu ukiifungua kwanza, oili na uchafu wote huingia ndani ya silinda.

Sasa plagi. Vipo vipimo ambavyo huna ruhusa ya kuvibadilisha, na vyote vimo katika ile namba uliyoisoma. Kwa mpangilio wa NGK, kampuni inayotengeneza plagi hizi, herufi BK zinaonyesha plagi yenye meno ya kipenyo cha milimita 14 na kichwa cha spana ya milimita 16. R ni rezista iliyomo ndani. 6 ni daraja la joto. E ni urefu wa meno wa milimita 19. Na 11 ni mwanya. Urefu wa meno ndio unaoharibu injini kwa haraka zaidi ukikosewa. Plagi ndefu kupita kiasi inaweza kugongwa na pistoni au valvu. Ile fupi huificha cheche ndani ya tundu, na meno ya silinda hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) yaliyobaki wazi hujaa masizi magumu, kiasi kwamba siku utakaponunua plagi sahihi haitaingia mpaka mwisho. Tazama pia namna plagi inavyokaa: nyingine hubana kwa washa ya chuma, nyingine kwa mshazari bila washa, na hizo mbili hazibadilishani nafasi hata kama meno yake yanalingana.

Kuhusu "plagi ya moto zaidi", huu ndio upotoshaji unaosikika kuliko wote. Daraja la joto halielezi chochote kuhusu ukali wa cheche. Linaeleza jinsi plagi inavyopoteza joto lililoipata kutoka kwenye mwako. Plagi ya moto ina pua ndefu ya kauri, hivyo joto husafiri mwendo mrefu kabla ya kufika kwenye silinda hedi, na ncha yake hubaki na joto zaidi; plagi ya baridi ina pua fupi, nayo hupoa upesi. Ncha inahitaji kufikia takriban nyuzi 450 hadi 500 za Selsiasi ili iweze kuchoma masizi yanayoigandia, na haipaswi kupita kiasi cha 850, kwa sababu hapo huanza kuuwasha mchanganyiko kabla cheche haijaruka, na mwako wa namna hiyo unaweza kuitoboa pistoni. Wahandisi walichagua 6 ili ncha ibaki kati ya mipaka hiyo katika injini yako. Ukienda 5, kwa mwendo wa kawaida huenda usione tofauti yoyote, lakini unajisogeza kwenye ukingo ule hatari hasa katika safari ndefu za mwendo wa kasi au ukiwa na mzigo mlimani. Rangi ya plagi zako tatu inathibitisha kwamba hakuna cha kusahihisha.

Jihadhari pia unapobadilisha chapa, kwa maana namba za joto hazihesabiwi kwa namna moja. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion, namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Isitoshe, 6 ya NGK hulingana na 20 ya Denso, kwa hiyo plagi yako kwa Denso ni K20PR-U11. Nimeshaona watu wakilinganisha namba za chapa mbili kwa macho tu na kurudi nyumbani na plagi iliyo mbali kabisa na ile waliyoitaka. Tumia jedwali la mtengenezaji, na ulitafute kwa aina ya injini, kwa kuwa jina la gari peke yake halitoshi. Gari moja linaweza kuwa lilitoka kiwandani na injini tatu tofauti.

Madini ya ncha ndiyo sehemu ambayo una uhuru wa kuchagua. Plagi za kawaida huitwa mitaani "plagi za shaba", ingawa karibu kila plagi ya kisasa ina kiini cha shaba ndani yake kwa ajili ya kupitisha joto, iwe ya bei rahisi au ghali. Kinachozitofautisha ni ncha, na ncha ya plagi ya kawaida ni aloi ya nikeli. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1,455, platinamu kwenye 1,768, na iridiamu kwenye 2,446 hivi. Kwa kuwa iridiamu ni ngumu na huhimili joto, inaweza kuchongwa iwe ncha nyembamba sana, hata milimita 0.4 kwa baadhi ya plagi, bila kuliwa haraka. Ncha nyembamba huhitaji volti chache kutoa cheche, na nafuu hiyo ni ya kweli, hasa kwa koili na waya zilizozeeka. Faida ya pili ni maisha marefu: plagi ya nikeli kwa kawaida hutumika kwa kilomita 30,000 hadi 50,000, ilhali nyingi za iridiamu hufikia 100,000 au zaidi.

Je, zinakufaa? Gari lako lilitoka na nikeli, na nikeli mpya ya namba ileile italifanya liende kama lilivyokusudiwa kwenda. Mimi ningefunga nikeli sasa. Sababu yangu ni kwamba bado hatujui kama silinda ya tatu ina tatizo jingine chini ya ile oili, na plagi ya iridiamu ikichafuka kwa oili hufa kama plagi nyingine yoyote, isipokuwa kwa hasara kubwa zaidi. Baada ya kilomita elfu chache zifungue tena. Zikiwa na rangi moja zote nne, basi ukipenda kuhamia iridiamu ya vipimo vilevile ili usizifungue tena kwa muda mrefu, utakuwa umetumia fedha kwa busara. Hali ingekuwa tofauti kama gari lingetoka kiwandani na iridiamu: hapo nisingekushauri urudi kwenye nikeli, kwa kuwa ratiba ya huduma imepangwa kwa plagi ya kudumu na mara nyingi plagi zenyewe zimefichwa mahali pagumu kufikiwa. Plagi zenye elektrodi mbili au nne za pembeni hazitoi cheche nne kwa wakati mmoja. Cheche ni moja tu, huchagua elektrodi iliyo rahisi kwa wakati huo, na faida yake ni kugawana uchakavu.

Waya nazo zinastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu maneno "hazina ukinzani kabisa" yanasikika kama sifa wakati kwako ni kasoro. Fikiri tena jinsi volti zinavyopanda. Kabla cheche haijaruka, karibu hakuna mkondo unaopita kwenye waya, na pasipo mkondo ukinzani haupotezi volti za maana. Zinafika karibu zote kwenye plagi. Cheche ikisharuka, mkondo unaopita ni makumi machache tu ya miliampea. Chukua miliampea 50 na waya wenye ukinzani wa ohmu 10,000: zinazopotea ni volti 500, katika mfumo ambao ulipanda hadi maelfu kumi au ishirini. Kuuondoa ukinzani wote huo hakukupi kitu utakachokihisi kwenye kanyagio la mafuta. Upande wa pili, ukinzani huo una kazi yake. Katika sehemu ndogo kabisa ya sekunde cheche inapozaliwa, mkondo huruka kwa ghafla na waya mzima hugeuka kuwa antena inayotangaza kelele za redio. Rezista ya ndani ya plagi, ambayo kwa kawaida ni ya ohmu 5,000 hivi, pamoja na ukinzani wa waya, hutuliza mrukio huo. Ukiviondoa, mwanzo utasikia mkwaruzo kwenye redio, na katika gari lenye kompyuta ya injini, kelele hizo zinaweza kuingia kwenye nyaya za sensa na kuleta hitilafu ambazo fundi atazitafuta kwa wiki nzima.

Chagua basi waya zenye kiini cha kaboni au zile zenye waya mwembamba uliosokotwa kama springi kuzunguka kiini, ambazo hudumu zaidi huku zikizuia kelele vilevile. Zipo pia waya zenye kiini cha shaba tupu na rezista ndani ya vichwa vyake. Hizo ni nzuri kwa magari yaliyobuniwa kwa ajili yake. Unene wa nje haukuambii ubora wa ndani: milimita 7 zenye ganda la silikoni halisi hushinda 10 za mpira duni, na zile nene huenda zisikae kwenye vishikizo vya gari lako, zikaishia kulalia mfumo wa ekzosi na kuungua. Angalia zaidi urefu, kwamba kila waya unafika bila kuvutwa; mpira wa kisimani, kwamba una urefu uleule wa wa zamani; na kichwa cha chuma, kwamba kinabana plagi kwa mlio unaosikika. Baadhi ya plagi huuzwa na kofia ndogo ya kufungua kwenye kichwa cha juu, pale waya unapochomekwa, na waya nyingine huhitaji kofia hiyo iwepo ilhali nyingine huhitaji iondolewe.

Kubadilisha waya mmoja peke yake kunaweza kukusaidia ufike nyumbani, lakini waya nne zilizofungwa siku moja huzeeka pamoja. Unaweza kuzipima kwa mita ya ohmu. Vitabu vingi vya Toyota vya enzi za distribyuta, kwa mfano, huweka ukomo wa ohmu 25,000 kwa waya mmoja, na kitabu cha gari lako kitakuwa na kiwango chake. Kipimo hicho hata hivyo hukuambia habari za kiini tu, hakioni tundu kwenye ganda. Ili kuuona uvujaji, fungua boneti usiku gizani huku injini ikiunguruma, nyunyiza ukungu mwembamba wa maji karibu na waya, kisha tazama kwa mbali palipo na vimulimuli vya buluu. Usiguse kitu chochote, na mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asikaribie kabisa. Wakati huohuo kifungue kifuniko cha distribyuta injini ikiwa imezimwa: ukiona nyufa, mistari myeusi kama mchoro wa penseli, au vituo vilivyoliwa na kujaa ukungu wa kutu, kibadilishe pamoja na rota. Mstari mweusi kama huo ukiuona juu ya kauri ya plagi, plagi na mpira wake viondoke pamoja, kwa sababu kimoja kitakiharibu kingine kipya. Pete ya kahawia kwenye kauri juu kidogo ya kichwa cha spana ni jambo jingine: ni vumbi la oili lililovutwa na volti kubwa, wala si gesi inayovuja, na haina madhara.

Ufungaji wenyewe uufanye injini ikiwa imepoa, hasa kama silinda hedi ni ya alumini, kwa maana meno ya alumini yenye joto hung'oka kwa urahisi. Toa waya mmoja, badilisha plagi moja, rudisha waya, ndipo uende kwenye unaofuata, ili mpangilio wa moto usichanganyike. Shika mpira, uzungushe kidogo, kisha uvute. Usivute waya wenyewe. Plagi mpya ianze kuingia kwa vidole tu, na ikigoma irudi nyuma uanze upya. Ikishakaa kwa vidole, plagi mpya ya milimita 14 yenye washa huhitaji nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko, au nyutoni mita 25 hadi 30 ukiwa na toki renchi. Usipake grisi ya kuzuia kugandamana kwenye meno ya plagi zilizopakwa madini kiwandani. Utelezi wake hukufanya ukaze kupita kiasi huku spana ikikuonyesha kipimo sahihi. Grisi ya silikoni kidogo ndani ya mpira wa waya inafaa. Mwanya upime hata kama sanduku linasema umeshapimwa, nao urekebishwe kwa kupinda elektrodi ya pembeni pekee. Plagi iliyoanguka sakafuni usiifunge, kauri yake inaweza kuwa na ufa usioonekana. Unapozipanga waya, tenganisha ya silinda ya 3 na ya 4: katika injini nyingi za silinda nne, mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, hivyo hizo mbili huwaka kwa kufuatana, na zikilala sambamba moja inaweza kuiamsha nyingine kabla ya zamu yake.

Neno moja kuhusu plagi bandia, ambazo huigwa zaidi pale penye jina kubwa na bei ya juu, yaani iridiamu. Linganisha maandishi kwenye kauri na ya plagi yako ya zamani, tazama kama washa inatoka kwa urahisi, kama ncha imekaa katikati kabisa ya kauri, na kama ile ncha nyembamba imeunganishwa kwa mshono safi wa kuchomelea. Nikeli halisi ni bora mara nyingi kuliko iridiamu ya uongo.

Baadhi ya mambo yanakupasa umwachie fundi mwenye vipimo. Taa ya injini ikianza kumetameta gari likiwa linatembea, punguza mwendo na usimame mahali salama, kwa sababu petroli isiyowaka inaingia kwenye masega ya kusafisha moshi yaliyomo ndani ya ekzosi na kuyachoma huko. Plagi ikikataa kutoka baada ya robo mzunguko wa nguvu, au ikitoka na vipande vya alumini kwenye meno yake, usiendelee. Na kama baada ya sili mpya, plagi mpya, waya mpya na kifuniko kisafi silinda ya tatu bado inakosa moto, omba ipimwe kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) ikiwa kavu, kisha ipimwe tena baada ya kutiwa oili kidogo: kipimo kikipanda, ringi ndizo zilizochakaa; kisipopanda, valvu au gasketi ya silinda hedi ndizo za kuchunguzwa. Mpelekee na zile plagi nne za zamani bila kuzisafisha, kila moja ikiwa imeandikwa namba ya silinda yake.